Jina Letu na Makala Zangu

4 Februari

Ndugu Mtafiti,

Natumai barua hii itakukuta salama. Hatujuani, lakini jina letu ni moja, la kwanza, la kati na la ukoo, herufi kwa herufi. Ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mimi ni mtafiti wa jenomu za binadamu. Ninachunguza familia ambazo watoto wao huzaliwa viziwi, natafuta kwenye vinasaba vyao mahali palipoharibika. Wewe, kwa nilivyosoma, unachunguza jenomu za mbuzi. Ile hifadhidata inayohesabu makala za watafiti na mara ngapi zimenukuliwa na wenzao imetuchanganya. Makala zangu zote zimewekwa kwenye ukurasa wako. Mimi sina ukurasa. Ukinitafuta, unatokea wewe.

Nisingekusumbua kwa jambo la fahari tu. Nimeomba nafasi ya kuongoza kitengo cha vinasaba kwenye hospitali ya rufaa. Jopo la usaili lilitafuta jina langu likakuta mbuzi. Katibu wao alinipigia simu, akaniuliza kwa adabu zote kama nina hakika kwamba makala nilizotaja kwenye maombi niliziandika mimi. Nilimwambia nina hakika. Akasema, "Sawa, basi tutaona," kwa sauti ya mtu ambaye haoni.

Wenye hifadhidata wanasema ukurasa una mwenyewe, na mwenyewe peke yake ndiye anayeweza kuziachia makala. Unaingia, unaweka alama kwenye zile ambazo si zako, unathibitisha. Haichukui muda wa kunywa chai. Usaili wangu ni tarehe 20 Machi.

Nitashukuru sana.

Mwenye jina lile lile


11 Februari

Somo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kicheko. Umri wote huu sijawahi kukutana na somo wa jina zima. Nilidhani nimeumbwa peke yangu.

Pole kwa usumbufu. Mimi na kompyuta ni kama mtu na mkwewe, tunaheshimiana kwa mbali. Ukurasa huo uliandaliwa na ofisi ya mkurugenzi wetu na sijui wameufungaje. Nitawauliza. Usiwe na wasiwasi.

Huku tuna pilikapilika. Mbuzi mmoja amezaa pacha, akamkubali mmoja, wa pili akampiga teke. Fundi wetu wa maabara sasa anatembea na chupa ya maziwa kwenye mfuko wa koti lake jeupe, anaingia nayo hata kwenye vikao. Jana ilimwagika juu ya ripoti ya robo mwaka. Hakuna aliyesikitika.

Kazi yako ya watoto viziwi ni kazi ya maana. Nakutakia heri kwenye usaili.

Somo wako


24 Februari

Mzee wangu,

Asante kwa jibu lako, na asante kwa ukarimu wa maneno yako. Nilimsomea mama habari za fundi na chupa ya maziwa, akasema mtu anayeandika hivi hawezi kuwa na roho mbaya. Ameshaanza kukuita "babu yako wa mbuzi".

Samahani kukukumbusha mapema. Bado naona makala zangu ziko kwako. Inayoniumiza kichwa zaidi ni ile ya ramani ya vinasaba vya uziwi. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu tatu, na bila hiyo maombi yangu yanaonekana kama ya mtu aliyemaliza chuo juzi. Nimefanya kazi za mkataba tangu nihitimu uzamivu. Kila mkataba ukiisha nahamisha vitu vyangu kwenye sanduku, na nimechoka kuwa mgeni maabarani. Hii ndiyo nafasi ya kwanza ya kudumu iliyotangazwa kwenye fani yangu hapa kwetu.

Kama ofisi ya mkurugenzi inahitaji barua rasmi kutoka kwangu, niambie, nitaileta siku hiyo hiyo.

Kwa heshima,
Somo wako


3 Machi

Somo,

Nimeshughulikia. Wameniambia ni suala la siku chache.

Kazi njema.

Somo wako


10 Machi

Bi Mtafiti,

Nimeangalia asubuhi hii. Hakuna kilichobadilika ila hesabu, ambayo imepanda.

Niliwaandikia wenye hifadhidata kuuliza ombi lako limekwama wapi. Wamejibu kwamba hawajapata ombi lolote kutoka kwenye ukurasa huo. Wakaongeza kwamba ukurasa ulifunguliwa na mwenyewe wiki iliyopita, ukafungwa bila kubadilishwa kitu.

Nikaenda kwenye tovuti ya taasisi yenu. Kwenye ukurasa wa mbele kuna picha ya mwanamke wa makamo ya mama yangu, amemshika mbuzi mweupe pembe, na chini yake pameandikwa: "Miongoni mwa watafiti wa jenomu wanaonukuliwa zaidi katika eneo letu." Jina ni letu. Hesabu iliyoandikwa ni yangu.

Nimekuwa nikikuita Mzee, nawe ukaniacha niendelee. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umekuwa ukinipiga danadana huku siku zinakwenda. Usaili wangu ni baada ya siku kumi. Nataka jibu la moja kwa moja: utaziachia au huziachii?

Mimi


12 Machi

Somo,

Umeuliza moja kwa moja, nami nitakujibu hivyo hivyo.

Mimi ni mama, wala si mzee wa kiume. Sikukusahihisha kwa sababu mtu anayeandika kwa mzee asiyemjua huwa mpole, na nilihitaji upole wako kwa muda.

Neno la siri la ukurasa ninalo. Niliufungua wiki iliyopita nikiwa nimekusudia kuziachia. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka fundi akaja kuzima taa za ukumbi, nikafunga.

Sikuiba makala zako. Zilikuja zenyewe mwaka juzi. Mkurugenzi aliingia maabarani bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Kumbe tumekaa na dhahabu tunaikalia!" Nikamuuliza dhahabu gani. Akanionyesha hesabu kwenye simu yake. Nilijua papo hapo kwamba si yangu. Makala zangu zikinukuliwa mara kumi, nane nimejinukuu mwenyewe. Nilifungua mdomo nimwambie. Kabla sijasema akaendelea: "Tulikuwa tumepanga kufunga zizi mwaka huu. Sasa nani atathubutu?" Nikaufunga mdomo.

Basi nikavikwa kilemba cha ukoka, nikakitembeza. Sitakudanganya kwamba kilinikera. Kwenye korido watu walikuwa wakinipisha.

Lakini kuna zizi. Nililianzisha nikiwa na umri kama wako, kwa mbuzi wachache waliokataliwa na kituo kingine. Tangu hapo kila aliyezaliwa tumemwandika, tumechukua damu yake, tunamjua mama yake na bibi wa bibi yake. Likifungwa, mbuzi watapelekwa mnadani na damu zilizo kwenye majokofu zitatupwa. Fundi yuko nami tangu siku ya kwanza, na hajui kazi nyingine.

Baraza la taasisi linakaa tarehe 27 kuamua maabara zipi zibaki. Naomba unisubiri mpaka tarehe 28. Nitaliandikia jopo lako barua kwa mkono wangu, nitaeleza kwamba ni kosa la kompyuta na makala ni zako.

Siombi unisamehe. Naomba muda.

Somo wako


14 Machi

Bi Mtafiti,

Hapana.

Barua haitatosha. Wajumbe wa jopo hawasomi barua, wanaingiza jina kwenye kompyuta na kuangalia kinachotokea. Ningekuwa nimekaa mbele yao nikisema makala ni zangu, na kompyuta ikisema ni za mwenye mbuzi. Wewe mwenyewe ungemwamini nani?

Unazungumzia zizi lako kana kwamba upande huu hakuna kitu. Hapa ninaposomea damu kuna familia moja, watoto watatu viziwi, na mama yao kila mwezi anakuja kuuliza kama tumepata sababu, kwa kuwa ana mimba ya nne. Mkataba wangu ukiisha Juni, faili lao litawekwa kabatini mpaka apatikane mtu mwingine, na huenda asipatikane.

Nilianza kuandaa malalamiko rasmi dhidi yako. Ili nionyeshe wazi zipi ni zako na zipi ni zangu, nilizisoma makala zako zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Malalamiko sasa yamekamilika. Nitayatuma tarehe 16 kama hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Kuna kitu sikukielewa kwenye makala ya uzao wa tano. Yule beberu mliyemwita Kipara ni baba wa nusu ya zizi na pia ni babu wa nusu hiyo hiyo. Wanyama wa damu ya karibu namna hiyo, mtu ukisoma vinasaba vyao kwa njia ya kawaida, unashindwa kujua kipande kipi kimetoka kwa nani. Nimehangaika na tatizo hilo kwenye familia za binamu waliooana. Niliandika makala fupi ya kupendekeza njia ya kulitatua, peke yangu. Nyinyi mlifanyaje?

Huna haja ya kujibu.

Mimi


15 Machi

Somo,

Nimeziachia asubuhi hii. Zote. Nilimwita fundi asimame nyuma yangu ili nisifunge tena. Nilipothibitisha, hesabu yangu ilishuka mpaka fundi akadhani mashine imeharibika. "Umeme umekatika?" akauliza. Nikamwambia hapana, hii ndiyo mimi.

Wanasema ukurasa wako utaonekana baada ya siku mbili. Usaili utaukuta.

Nimemwandikia mkurugenzi pia. Aliniita akaniuliza kwa nini sikusubiri siku chache tu, kwani somo angekufa? Picha imeondolewa.

Kuhusu Kipara. Hatukufanya chochote. Tulichanganyikiwa, kama ulivyosema. Ile makala ina kurasa mbili za majedwali ambazo mpaka leo siziamini, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeinukuu. Ukoo wa kila mbuzi tunaujua kwa yakini, tumeshuhudia wanavyozaliwa, lakini vinasaba vilikuwa vikitupa jibu ambalo haliwezekani. Mwishowe tukachapisha tu, kwa uchovu.

Nimeitafuta hiyo makala yako fupi. Miaka miwili ilikuwa kwenye ukurasa wangu na sikuwahi kuifungua. Nimeisoma leo. Ni nzuri kuliko ile ya elfu tatu.

Kila la heri tarehe 20.

Somo wako


30 Machi

Mama somo,

Malalamiko nimeyafuta.

Ukurasa ulionekana kwa wakati. Mwenyekiti wa jopo alikuwa ameuchapa kwenye karatasi, ameiweka mbele yake. Akanipongeza kwa ile makala kubwa, kisha akaniuliza, "Hapa kuna majina yanayojaza kurasa mbili. Wewe ulifanya nini hasa?"

Nikamwambia nilisafisha data.

"Zote?"

"Za vituo vitatu."

Akaandika kitu. Ulikuwa ukweli, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu, lakini nilipoisikia ikitoka mdomoni niliona imepungua. Mjumbe mwingine akauliza juu ya ile fupi, nikazungumza vizuri, nadhani. Akasema inavutia, bahati mbaya haijanukuliwa.

Nafasi amepewa mwingine. Wamenipigia jana. Mimi nilikuwa wa pili. Hospitali ninayofanyia kazi imeongeza mkataba wangu mwaka mmoja, labda kwa huruma, labda kwa sababu hakuna anayetaka kulirithi faili la yule mama. Nimeukubali.

Hesabu niliyoihangaikia haikunisaidia kitu. Nakuambia hili kwa sababu nadhani una haki ya kulijua, si kwa kukulaumu. Na baraza lako?

Somo wako


8 Aprili

Mwanangu,

Pole. Mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba angalau mmoja wetu amepata.

Baraza lilikaa. Mkurugenzi alinipa nafasi ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuangalia saa. Niliwaambia kwamba hesabu waliyoizoea ilikuwa ya mtu mwingine mwenye jina langu, na yangu ni hii hapa. Mjumbe mmoja, yule wa fedha, akavua miwani.

"Sasa mama, hizi makala zako, niambie ukweli tu. Kuna mtu anazisoma?"

Nikasema yupo mmoja, amezisoma zote mwezi huu, hadi majedwali, na ameona chanzo cha kosa ambacho sisi hatukukiona kwa miaka.

"Nani huyo?"

Nikamtajia jina.

Akanitazama. "Huyo si wewe mwenyewe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mkurugenzi, ambaye alikuwa hajanisalimia tangu siku ya barua, aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika. Nami nikacheka, nifanyeje. Walipotulia nikawaeleza wewe ni nani, unafanya kazi gani, na uliniuliza nini juu ya Kipara. Nikawaambia zizi ambalo ukoo wake unajulikana kwa yakini kwa vizazi hivi vyote halipatikani kirahisi, na kwamba njia yako inahitaji mahali pa kujaribiwa ambapo jibu linajulikana tayari. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nililisikia wazo hilo kwa mara ya kwanza pamoja nao.

Wametupa mwaka mmoja. Nusu ya mbuzi wameuzwa wiki hii. Fundi aliomba ruhusa siku hiyo, sikumuuliza sababu.

Damu zote ziko kwenye jokofu. Sema neno nizitume.

Somo wako


9 Aprili

Mama somo,

Zitume.

Somo wako


17 Agosti

Mwanangu,

Nimepokea matokeo yako nikayafungua mimi na fundi pamoja. Tuliyalinganisha na daftari la zizi, kizazi kwa kizazi. Yamekaa sawa. Yale majedwali mawili niliyokuambia siyaamini, nusu yake ilikuwa sahihi na nusu ilikuwa upuuzi, na sasa najua nusu ipi ni ipi. Fundi alisimama dirishani kwa muda akiangalia zizi. Kisha akasema, "Kumbe hatukuwa tunasema uongo." Kumbe naye ilikuwa ikimsumbua, na mimi sikujua.

Umeniuliza kwenye makala yetu nani atangulie. Njia ni yako, mbuzi ni wangu. Panga unavyoona haki, maana kwa hali yetu sioni atakayejua tofauti.

Yule mama wa watoto watatu amejifungua?

Somo wako


2 Desemba

Mama somo,

Samahani kwa ukimya. Mambo yalikuja kwa mkupuo.

Yule mama alijifungua Septemba, mtoto wa kike. Tulisoma damu ya familia nzima kwa njia tuliyoirekebisha kwa mbuzi wako. Wazazi ni binamu, na mahali palipoharibika palikuwa pamejificha kwenye kipande ambacho sote tulidhani ni cha upande wa baba, kumbe kimetoka pande zote mbili. Mtoto huyu naye amekirithi mara mbili. Ni kiziwi kama ndugu zake.

Niliogopa kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo haikuwa ile homa niliyougua?" Nikamwambia haikuwa homa, wala dawa, wala chochote alichokula au kukifanya. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Kisha akamwita mumewe aliyekuwa amekaa kwenye korido, akamwambia, "Rudia, daktari, asikie na yeye. Na mama yake nitamleta kesho, asikie." Alikuja naye kweli.

Makala yetu imekubaliwa. Jarida si kubwa. Leo asubuhi nimepata barua ya mhariri. Anasema kila kitu kiko sawa, ila ameona kwenye orodha ya waandishi jina limejirudia kwa makosa, naye ameshafuta moja. Anaomba tuthibitishe ili wachape kesho.

Niliicheka nikiwa peke yangu ofisini, halafu nikaacha kucheka. Nimpe jibu gani? Nikimweleza sana ataanza kuuliza vyeti.

Somo wako


2 Desemba, jioni

Mwanangu,

Nimesoma habari za yule mama kwanza, nikamsomea fundi. Ya mhariri nimeyasoma baadaye.

Baraza litakaa tena Machi. Mkurugenzi ameniomba nipeleke hesabu ya nukuu zangu mapema, safari hii akasema "zako", akalivuta neno. Nimempelekea ilivyo. Huenda wakafunga, huenda wasifunge. Nimeshaacha kukosa usingizi kwa jambo hilo.

Ila mhariri usimcheleweshe. Mwandikie sasa hivi, kabla hawajachapa, na usimweleze sana. Mwambie tuko wawili, wote tuko hai, na kila mmoja anataka jina lake.

Somo wako